Dawa ya viroboto ya bei nafuu si dawa hafifu

Wafugaji wengi wa paka huamini kwamba dawa ya viroboto isiyo na jina kubwa haifanyi kazi. Si kweli. Kinachoua kiroboto ni kiambato, wala si jina la kampuni. Frontline, dawa ya viroboto yenye jina kubwa, hutumia kiambato kiitwacho fipronili. Haki za hataza, yaani haki za pekee za kuitengeneza, zilipokwisha, kampuni nyingine zikaanza kutengeneza dawa zenye kiambato hichohicho kwa bei ya chini. Linganisha kiambato, kiwango chake, na umri na uzito wa paka ulioandikwa kwenye pakiti.

Mbona basi viroboto huonekana tena baada ya wiki mbili? Mara nyingi dawa haijashindwa. Mayai hudondoka kwenye zulia na matandiko, na bundo, yaani kiroboto ambaye bado hajakomaa, aliyejifunga ndani ya kifukofuko hafikiwi na dawa; baadaye hutoka akiwa kiroboto kamili. Endelea kumpaka paka kila mwezi kwa miezi kadhaa, na ufue matandiko yake kwa maji ya moto.

Hatari halisi iko kwingine, na hapa nasisitiza: usimpake paka dawa ya mbwa yenye permethrini, kiambato kingine cha kuua viroboto, hata kidogo. Humtetemesha, humtia degedege na huweza kumuua. Ikimgusa, mkimbize kwa daktari wa mifugo.