Kinyonga Anayefumba Macho Mchana: Magonjwa ya Macho kwa Vinyonga wa Kufugwa na Matunzo Yanayofaa

Kinyonga mwenye afya hufumba macho usiku tu. Kukikucha huyafumbua, na kuanzia hapo mpaka taa zizimwe jicho moja litakuwa likipekua majani huku la pili likimwandama mdudu chini ya tawi. Kwa hiyo ukimkuta kinyonga wako amefumba jicho saa tano asubuhi, usijiambie kwamba anasinzia au kwamba ameshazoea nyumba. Anaumwa. Maneno haya nayarudia karibu kwa kila mfugaji anayefika kliniki yetu na kinyonga mwenye jicho lililovimba. Wengi wao waliiona dalili mapema, wakangoja, na kule kungoja ndiko kulikolifanya tatizo la siku mbili liishie kwenye upasuaji.

Kuna wakati mmoja tu wa mchana ambao haupaswi kukutia hofu. Akinyunyiziwa maji, kinyonga huosha macho: hufumba, hulitutumua jicho mpaka litokeze, hulizungusha, pengine hulisugua kwenye kijiti, kisha hufumbua. Ni shughuli ya dakika chache. Akiirudia mara nyingi kwa siku hata pasipo maji, au akimaliza kujisugua na kubaki amefumba, kuna kitu kinamsumbua.

Ili kuelewa kwa nini macho yake huugua kirahisi hivi, tazama yalivyoumbwa. Kope ya juu na ya chini zimeungana zikawa koni moja ya ngozi, nayo imelifunika jicho lote na kuacha tundu dogo tu mbele ya mboni. Jicho likizunguka, koni yote huzunguka nalo. Kila jicho hutembea kivyake, hivyo mnyama huona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Akishachagua windo, macho yote mawili huelekea mbele, naye hupima umbali kwa namna lenzi inavyorekebisha taswira. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba lenzi ya kinyonga hutawanya mwanga, tofauti kabisa na lenzi za wanyama wengine wenye uti wa mgongo ambazo huukusanya. Ndiyo maana taswira ndani ya jicho hilo dogo huwa kubwa, na ulimi hufika pale hasa mdudu alipo.

Umbo hilo lina gharama yake. Chochote kinachopenya ndani ya lile tundu, iwe kipande cha ngozi kilichobaki baada ya kujivua, vumbi au bawa la mdudu, hakina njia pana ya kutokea. Kope ikivimba kidogo, tundu huziba na mnyama huwa kipofu kwa jicho hilo hata kama jicho lenyewe ni zima. Na kinyonga asiyeona hali. Wala hanywi, maana hutambua maji kwa kuona matone yakimeta na kutikisika kwenye majani. Siku tatu za macho yaliyofumbwa ni siku tatu za kiu.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiko makosa mengi yalikoanzia. Bakuli la maji yaliyotulia kinyonga hulipita tu, hata liwe mbele yake. Anahitaji kunyunyiziwa asubuhi kabla joto halijapanda na tena jioni kabla ya giza, na unyunyiziaji huo uchukue dakika kadhaa mfululizo, kwa sababu vinyonga wengi hawaanzi kulamba mpaka wajihisi salama. Chombo kinachodondosha maji polepole juu ya majani mchana husaidia sana. Maji yakipungua mwilini, machozi nayo hupungua, uchafu hubaki ndani ya kope, na macho huanza kudidimia. Angalia choo chake: sehemu ile inayopaswa kuwa nyeupe ikiwa ya njano iliyokolea au ya rangi ya chungwa, ana kiu ya muda mrefu. Lakini pia usimgeuzie makazi kuwa bwawa. Majani yapate kukauka kati ya mnyunyizo na mnyunyizo, na hewa ipite pande zote, la sivyo bakteria na kuvu watafurahi kuliko yeye.

Taa huja ya pili. Kinyonga anahitaji miale ya urujuanimno ya aina ya UVB ili atengeneze vitamini D3 na kutumia kalsiamu. Ninachopendekeza ni taa ndefu ya mrija, iliyowekwa juu ya kizimba, iwake kwa muda wa saa 12 na kuzimwa kwa muda wa saa 12. Baadhi ya taa ndogo zilizojikunja, hasa za miaka iliyopita, zilitoa miale mikali mno na kuleta uvimbe wa konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, na utando wa jicho. Dalili yake ni rahisi kuitambua: macho yote mawili yanafumbwa siku chache tu baada ya taa mpya kuwekwa, na mara nyingi yanafumbuka taa hiyo ikiondolewa. Taa nzuri nayo hudhuru ikiwa karibu sana, au ikiwekwa ubavuni mahali inapomulika moja kwa moja machoni. Jua halisi humjia kutoka juu, na mifupa iliyo juu ya macho humpa kivuli. Taa ya UVB huishiwa nguvu kabla mwanga wake unaoonekana haujafifia, kwa hiyo ibadilishwe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, ambao kwa kawaida ni kati ya miezi 6 na 12. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halihesabiki, kwani kioo huizuia miale hiyo.

Kisha kuna vitamini A, na hapa naomba msomaji avute kiti. Wadudu wanaofugwa kwa ajili ya chakula wana vitamini A kidogo sana. Poda nyingi za virutubisho zina beta-karotini, ambayo sisi binadamu huigeuza kuwa vitamini A mwilini, lakini wanyama wanaokula wadudu, kinyonga akiwemo, wanaonekana kuifanya kazi hiyo vibaya. Wanahitaji vitamini A iliyo tayari, yaani retinoli. Ikikosekana kwa miezi, seli laini zinazotanda kwenye tezi za machozi na mirija yake hugeuka kuwa ngumu na kavu. Machozi hukatika, maganda ya seli hujikusanya nyuma ya kope, na kope hufura, mara nyingi pande zote mbili. Jicho huwa dalili inayoonekana tu. Mnyama huyohuyo utamkuta ngozi haimvuki vizuri, ulimi unagonga mdudu lakini haumnasi, na dume huweza kuziba kwa vijiti vigumu kwenye sehemu zake za uzazi.

Mfugaji akisikia hayo hukimbilia kununua vidonge vya vitamini A, na ndipo tunapompata mgonjwa wa aina ya pili. Vitamini A hulimbikizwa kwenye ini, na ikizidi, hasa kwa sindano, ngozi ya kinyonga hubanduka na kuacha vidonda. Zaidi ya hapo, vitamini A na D huathiriana; kuzidisha moja ni kuiharibia kazi nyingine. Kwa kinyonga mzima asiye na ugonjwa, poda ya vitamini mchanganyiko yenye retinoli, iliyopakwa kwa wepesi kwenye wadudu takribani mara mbili kwa mwezi, hutosha. Milo mingine mingi ipakwe kalsiamu isiyo na D3. Wadudu wenyewe walishwe vizuri kwa majani mabichi ya kijani na mboga zenye rangi angalau siku nzima kabla ya kuliwa. Vinyonga wa milimani kama Trioceros jacksonii, yule dume wake mwenye pembe tatu, huhitaji virutubisho kidogo zaidi kuliko Chamaeleo calyptratus, kinyonga wa Yemeni, au Furcifer pardalis, kinyonga wa Madagaska, basi usinakili ratiba ya jirani bila kuuliza spishi yake. Upungufu ukishathibitika, kipimo cha tiba ni kazi ya daktari, anayekikadiria kwa uzito wa mnyama.

Majeraha na maambukizi hayakosi. Nyenje walioachwa kizimbani usiku humtafuna kinyonga aliyelala, na huanzia kwenye ngozi laini ya macho na mdomo. Waliosalia waondolewe kabla ya giza. Vijiti vyenye ncha, utomvu mweupe wa baadhi ya mimea, na kinyonga wa pili kwenye kizimba kimoja vyote huleta madhara. Vinyonga hawahitaji mwenza. Kila mmoja akae peke yake, na ikiwezekana wasionane. Uvimbe karibu na jicho unaweza pia kutoka mdomoni, kwenye fizi iliyooza au tezi iliyo kwenye pembe ya taya. Na usaha wa reptilia hautiririki: huganda ukawa mgumu kama jibini. Kwa hiyo kuuminya jipu la kinyonga nyumbani ni kumtesa bure. Linapaswa kupasuliwa na kutolewa lote pamoja na ganda lake.

Sasa umemkuta amefumba jicho. Kwanza angalia kama ni moja au yote mawili. Jicho moja hunielekeza kwenye kitu kilichoingia, jeraha au maambukizi ya mahali hapo. Yote mawili hunifanya niulize habari za taa, maji, lishe, au ugonjwa ulioenea mwilini. Kuna wagonjwa wanaokwenda kinyume na kanuni hii, ila ni mahali pazuri pa kuanzia. Mpe mnyunyizo mrefu wa maji ya uvuguvugu, matone madogo madogo kwa dakika 20 hivi, akiwa kwenye mmea wake na hewa inapita. Unaweza kumdondoshea maji ya chumvi yaliyotakaswa, yale yaliyotengenezwa mahususi kwa kuoshea macho, yasiyo na dawa yoyote ndani. Hapo ndipo mwisho wa tiba ya nyumbani. Usimfumbue kwa vidole, usiingize pamba, na tafadhali usitumie dawa ya macho iliyobaki ya mtu. Baadhi zina steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, na steroidi kwenye konea yenye kidonda huchelewesha kupona na huweza kuifanya itoboke. Jicho lisipofumbuka ndani ya saa 24, nenda kwa daktari wa wanyama aliyezoea reptilia. Kukiwa na uvimbe, damu, tongotongo, au mnyama amelegea na macho yamedidimia, usisubiri hata hizo saa.

Msafirishe kwenye boksi lenye matundu, lenye kijiti cha kushika, mahali penye giza na pasipo joto kali. Beba picha za kizimba kizima, picha ya taa na maandishi yake, makopo ya virutubisho, na choo cha karibuni. Picha hizo hunipa majibu mengi kabla sijamgusa mnyama. Kliniki tunatia tone la rangi ya floresini, ambayo hung'aa kijani pale konea ilipochubuka, kisha tunaingiza mrija mwembamba usio na ncha chini ya kope na kusukuma maji taratibu. Mara nyingine ndipo kinatokea kipande cha ngozi kavu, chembamba na angavu, kimejikunja ukingoni, na kabla hatujaweka vifaa chini jicho limeshaanza kuzunguka. Mara nyingine hutoka maganda meupe ya seli, na hapo tunachukua sampuli, pengine na picha ya eksirei ya kichwa na mifupa. Mifupa ina umuhimu wake: kinyonga anayekosea shabaha si lazima awe haoni. Upungufu wa kalsiamu hudhoofisha misuli ya ulimi, na ulimi hutoka nusu au hautoki kabisa.

Ukirudi nyumbani na dawa ya matone, usimkabili kwa mkono unaomshukia kutoka juu; huo kwake ni ndege anayemwinda. Mwache ashike tawi, dondosha tone moja ukingoni mwa lile tundu la kope, subiri. Jicho likizunguka litaivuta dawa lenyewe. Maliza siku zote ulizoandikiwa hata kama jicho limefumbuka siku ya tatu. Asiyeona adondoshewe maji pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, bila kuusukuma mdomo wazi. Chakula cha kulazimisha kisubiri mpaka maji yamerudi mwilini na daktari ameelekeza. Mpime uzito kila siku mbili kwa mizani inayosoma gramu, uandike.

Wapo wanaolipoteza jicho kabisa, na wafugaji huniuliza kama ni huruma kumwacha aishi. Jibu langu ni ndiyo, aishi. Kwa kuwa kinyonga hupima umbali kwa kurekebisha taswira ndani ya kila jicho, mwenye chongo bado anaweza kurusha ulimi na kunasa. Mlishe kutoka upande anaoona, ukiweka wadudu kwenye kikombe kilichofungwa kwenye tawi lilelile kila siku, mpangilie matawi yenye njia fupi kutoka kitandani pake hadi kwenye taa, na usihamishe kitu bila sababu. Jicho lililobaki likaguliwe kila asubuhi taa zinapowashwa.