Resitativo: kuimba kama unaongea

Wengi wanaosikiliza opera au oratorio (hadithi, mara nyingi ya Biblia, inayoimbwa bila kuigizwa) kwa mara ya kwanza hungoja aria, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja, na kwaya. Ile sehemu ambayo mwimbaji huonekana kama anaongea tu kwa noti huivumilia. Sehemu hiyo ni resitativo, na kwa maoni yangu ndiyo inayobeba hadithi. Katika aria mambo husimama ili mhusika atoe ya moyoni. Habari, ugomvi na maamuzi hupita kwenye resitativo.

Mtindo huu ulianzia Florence, Italia, mwishoni mwa karne ya 16, kwa wasomi waliotaka kufufua tamthilia za Wagiriki wa kale. Jacopo Peri, aliyetunga opera ya Euridice mwaka 1600, alieleza kwamba alichunguza jinsi watu wanavyozungumza: silabi gani hukaziwa, zipi hupita haraka. Kisha akaiacha besi, yaani noti nzito za ala, itulie chini ya sauti mpaka silabi yenye uzito ifike. Hadi leo mwimbaji mzuri hahesabu mapigo hapa, hufuata maneno.

Baadaye zikatokea namna mbili. Moja huitwa kavu: hapsikodi (ala ya zamani ya nyuzi yenye vibonyezo) au kinanda, pamoja na chelo, hugusa kodi chache, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, basi. Nyingine husindikizwa na okestra. Katika Masiya, oratorio ya Handel, iliyoimbwa kwanza Dublin mwaka 1742, wachungaji wako makondeni kwa namna kavu; malaika anapotokea, fidla zinaingia. Anaposema, ukavu unarudi. Jeshi la mbinguni linapokuja, fidla tena, na mara kwaya inapaza “Utukufu kwa Mungu”.

Mtunzi Bach alikwenda mbali zaidi. Katika Mateso kadiri ya Mathayo, Mwinjilisti husimulia kwa namna kavu, lakini kila Yesu anapofungua kinywa, fidla na wenzake humzunguka kwa sauti ndefu, tulivu. Saa mbili na zaidi sikio huzoea. Kisha msalabani, kwenye “Eli, Eli, lama sabakthani” (Mungu wangu, mbona umeniacha), fidla zote zinanyamaza. Anabaki na besi na kinanda tu. Bach hakuhitaji kuongeza noti hata moja kueleza kuachwa, aliondoa.

Kwaya zetu nyingi huimba “Haleluya” ya Handel na kuruka resitativo, pengine kwa sababu maneno ya Kiswahili hayakai kwenye noti za Kiingereza. Tatizo hilo lina dawa. Chukua “walikuwako wachungaji wakikaa makondeni”: mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani -wa-ko, -nga-ji, -ka-a, -nde-ni. Yasome maneno hayo kwanza kwa sauti, kama msomaji wa somo kanisani, mpaka mwendo wake ueleweke. Silabi zenye mkazo zipewe noti zenye uzito, na zilizobaki zigawane noti fupi. Noti moja ikibidi kukatwa mbili, ikatwe. Mpiga kinanda naye asikimbilie kodi ya mwisho. Amwache mwimbaji amalize sentensi, ndipo aiguse.