Kuidai benki kwa niaba ya shangazi: yanayosemwa na yalivyo

Shangazi alikatwa shilingi 18,400 za mkopo aliokwisha kuumaliza. Akachora duara kwa kalamu nyekundu kwenye taarifa ya akaunti, akanipa: "Wewe umesoma, nenda ukawashtaki." Hapo ndipo nilipogundua kuwa mengi niliyoyasikia kuhusu Mahakama ya Madai Madogo hapa Kenya hayako hivyo.

"Mimi ni damu yake, inatosha." Haitoshi. Sheria ya 2016 iliyounda mahakama hii inampa ndugu nafasi ya kuwakilisha pale mdai mwenyewe anaposhindwa kufika. Na kabla ya kukuruhusu, mwamuzi atajiridhisha kwamba unaijua kesi na una mamlaka ya kukubali jambo kwa niaba ya unayemwakilisha, naye akabanwa nalo. Hili la pili ndilo watu hulipuuza. Benki ikisema, "Tutarudisha 12,000 yaishe," utajibu papo hapo au utatoka mbio koridoni kupiga simu? Barua ya idhini, yenye sahihi yake, iseme kama unaweza kupatana nao, na usishuke chini ya kiasi gani. Sisi hatukuihitaji: shangazi alisumbuliwa na magoti tu, si ugonjwa wa kumlaza. Tulipanda ngazi pamoja, polepole.

"Nitaweka jina langu, ni rahisi." Mdai ni mwenye akaunti. Wewe huna mkataba na benki, na hata taarifa ya akaunti hawatakupa bila idhini yake.

"Barua yake itanifaa hata akifariki." Idhini hufa naye. Tangu hapo pesa ni za mirathi, na anayezidai ni msimamizi aliyethibitishwa na mahakama, hata kama wewe ndiwe kifungua mimba na ndiwe uliyemuuguza.

"Madai madogo ni vijisenti." Kikomo ni shilingi 1,000,000.

"Nikishindwa, risiti nitazileta kwenye rufaa." Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee. Kesi yenyewe inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60, kwa hiyo karatasi zote ziwe tayari mapema. Ni kweli mahakama hii haibanwi na kanuni kali za ushahidi, lakini maneno matupu hayarudishi pesa. Kilichotusaidia ni barua ya benki yenyewe, ya kuthibitisha kwamba mkopo umekwisha. Tuliikuta imekunjwa mara nne ndani ya kitabu chake cha nyimbo.