Chupa moja ya maji haimalizi kesi ya dampo bubu

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mtu mzima mwenye cheo, eti wananchi hawawezi kuchunguza madhara ya dampo bubu, wachote tu maji ya kisima wapeleke maabara, majibu yakija safi basi kelele ziishe. Hapana jamani. Nafanya kazi ya afya mazingira hapa Tanga na kauli hiyo imeshazima malalamiko mengi ya haki.

Chupa inajibu ulichoiuliza tu. Ukipima bakteria wa E. koli umetafuta kinyesi, hujagusa madini ya risasi yanayotoka kwenye betri, na umepima saa ile uliyochota. Umechota Februari kwenye jua la kaskazi, taka zinakuja kuoshwa na masika Aprili, sasa hapo umepima nini? Tena sehemu kubwa ya huku chini ni chokaa, mapango ya Amboni yenyewe yametobolewa na maji kwenye jiwe hilo hilo, maji yanapenya kwenye nyufa haraka bila kuchujwa, kwa hiyo kisima cha mbali kinaweza kuchafuka cha jirani kikasalimika.

Ila na sisi wa upande wa wananchi tuambiane ukweli. E. koli ikionekana watu wanaruka, "ni dampo!" Subiri kwanza, choo cha shimo kiko hatua ngapi kutoka kisimani? Chumvi ikipanda tunasema ni maji ya taka yamevuja, kumbe mitaa ya karibu na bahari kisima kikichotwa sana kinavuta maji chumvi chenyewe. Amonia nayo inatoka dampo na inatoka chooni. Kwa nyumba zetu zilivyobanana mimi siwezi kutenganisha cha choo na cha dampo kwa kipimo kimoja, na anayekuambia anaweza muulize vizuri.

Ndo maana naanza na daftari, wakazi waandike wanachokiona na nani anaumwa. Love Canal, mtaa uliojengwa juu ya dampo la kemikali kule jimbo la New York, Marekani, mwaka 1978 na kuendelea, Lois Gibbs, mama wa nyumbani tu, alipita mlango kwa mlango kuuliza nani anaumwa nini, akaweka alama kwenye ramani, na alama zikafuata mikondo ya zamani ya maji iliyokuwa imefukiwa. Maafisa wa afya wakaidharau kazi yake. Mwaka 1980 Rais Carter wa Marekani alitangaza dharura ya pili na mamia ya familia zikahamishwa. Hapa kwetu wakazi wa Tabata na wa Kunduchi Mtongani walipambana na Jiji la Dar es Salaam Mahakama Kuu kwa ajili ya madampo, kesi za 1988 na 1991, Tabata kilio chao kilikuwa moshi na harufu, na walishinda. Leo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakupa haki ya mazingira safi na haki ya kushtaki.

Ukurasa mzuri uko hivi: "Alhamisi saa 9 usiku, kirikuu nyeupe, mifuko myeusi, asubuhi tumeona sindano na chupa za dripu, picha 4, hatujashika kitu." Basi. Usiandike "wanatuua".

Kwenye wagonjwa, andikeni na wasioumwa! Hili nalirudia mpaka sauti inakauka. Nyumba za jirani na dampo watoto wanaharisha, sawa, na mtaa usio na dampo wenye visima na vyoo vya namna ile ile, wiki hizo hizo, wanaharisha wangapi? Bila jibu hilo swali la kwanza tu linakuangusha. Na muulizaji asilitaje dampo mpaka amalize, ukianza na "hili dampo limekuumizaje" kila mtu atakumbuka kikohozi.

Mbu wa dengi sibishani, matairi na vikopo vikijaa mvua mabuu unayaona kwa macho, na 2019 dengi ilitufikia Tanga. Kuchoma plastiki nako si kumaliza taka, ni kuzihamishia kwenye mapafu.

Chupa inakuja baada ya hapo, daftari likishaonyesha kisima kipi na baada ya mvua ipi. Chukueni upande wa juu wa dampo na upande wa chini, siku moja. Ya bakteria ikae kwenye barafu na isipitishe saa 24, ya metali iwe chupa yake. Daftari halisi libaki kwa wakazi, ofisi yoyote ikilitaka ipewe nakala na isaini kwamba imepokea.