Vichezeo vya Mbwa na Paka Vituoni: Sabuni Kwanza, Jiki Baadaye

Katika kituo kinachopokea mbwa na paka waliotelekezwa, mpira mmoja huweza kupita midomoni mwa wanyama kadhaa kabla ya jua kuzama. Ukiachwa na mtoto wa mbwa anayeanza kuharisha, huokotwa na mwenzake ambaye pengine hajamaliza chanjo zake, pamoja na mate na kinyesi vilivyoushika. Ndiyo maana sisi madaktari wa mifugo tunaohudumu vituoni huvihesabu vichezeo katika kundi moja na vyombo vya chakula.

Tunachokihofia zaidi ni virusi vya parvo, vinavyowaharisha vibaya watoto wa mbwa, na vilivyotambuliwa kwa mbwa mwaka 1978. Virusi hivi havina utando wa mafuta kwa nje, kwa hiyo sabuni haiviui, na dawa nyingi za sakafu zenye harufu nzuri huviacha vikiwa hai. Penye kivuli na unyevu huweza kudumu kwa miezi. Paka nao wana virusi vya jamii hiyohiyo, na wana kuvu wa mapunye, ambao humwambukiza hata mhudumu anayewabeba.

Dawa ya bei nafuu inayoviua ni jiki, jina ambalo wengi wetu tumelipa kila dawa ya klorini ya kufulia. Hata hivyo, kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuimimina juu ya kichezeo kichafu, ilhali mate, udongo na kinyesi huimaliza nguvu klorini kabla haijavifikia virusi. Kichezeo kisuguliwe kwanza kwa maji ya sabuni na brashi, hadi ndani ya mifereji na matundu yake, kisha kisuuzwe mpaka povu liishe. Hapo ndipo kilowekwe: ikiwa chupa imeandikwa 3.5%, mililita 50 za jiki kwa lita 1 ya maji. Ikiwa ni 5%, mililita 35 zinatosha. Mpira wenye tundu huelea kwa hewa iliyomo, hivyo ubonywe ndani ya ndoo mpaka ujae dawa na kuzama. Dakika 10 zihesabiwe kwa saa ya mkononi, kisha kichezeo kisuuzwe kwa maji mengi na kuanikwa hadi kikauke kabisa.

Mchanganyiko huo uandaliwe upya kila siku, kwa sababu hupoteza nguvu upesi, hasa ukiachwa kwenye mwanga. Usichanganywe kamwe na siki, limau wala asidi ya kusafishia choo, na kichezeo chenye mkojo kisitumbukizwe humo kabla ya kuoshwa, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu.

Ile dawa ya rangi ya kahawia inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa majini isitumike kwa vichezeo vya paka. Ina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka hushindwa kuziondoa mwilini, na paka hulamba kila kinachomgusa.

Kamba zilizofungwa mafundo ni kisa kingine. Niliwahi kuikata kwa mkasi kamba iliyokuwa imeoshwa na kuanikwa siku nzima. Nje ilikuwa nyeupe na kavu, lakini katikati ya fundo nyuzi zilikuwa bado na majimaji ya kijivu, zimeshikana na manyoya. Jua la kwetu ni kali, lakini halikufika pale. Tangu hapo, kamba, midoli ya pamba na mipira ya tenisi iliyotumiwa na mnyama mwenye parvo au mapunye huteketezwa bila mjadala, na vivyo hivyo mpira wowote uliopasuka, maana brashi haiingii katika nyufa.

Kwa hiyo wanaotaka kutuchangia watuletee vichezeo vya mpira mgumu visivyo na mishono. Paka hawana gharama hiyo: boksi tupu la dukani huwafurahisha siku mbili, kisha huchomwa.