Virusi na saratani ya kibofu: maswali ya barazani Ngamiani

Juzi baada ya alasiri nilikuwa nakunywa kahawa barazani, Ngamiani hapa Tanga. Mzee mmoja alikuwa amesikia kwamba saratani ya kibofu cha mkojo inaletwa na virusi. Kahawa ikapoa, maswali yakaendelea.

Ni kweli, daktari?

Si kwa uhakika ule wa virusi vya HPV na saratani ya mlango wa kizazi. Wanaoshukiwa hapa ni virusi vya BK, vilivyogunduliwa mwaka 1971 kwenye mkojo wa mgonjwa aliyepandikizwa figo. BK ni herufi za mwanzo za majina ya mgonjwa huyo. Wengi wetu tuliviokota utotoni bila hata kuumwa, vikajilalia kwenye figo. Kinga ikishuka, vinaamka.

Mbona mara nyingi uvimbe ukipimwa virusi havionekani?

Hapo ndipo penye utamu. Seli ikivamiwa hujitetea kwa vimeng'enya viitwavyo APOBEC, ambavyo kazi yake ni kuvuruga vinasaba vya virusi kwa kubadilisha herufi C, mojawapo ya herufi nne zinazoandika vinasaba. Ni kama sungusungu: kamkimbiza mwizi usiku, rungu likapiga dirisha la mwenye nyumba. Asubuhi mwizi hayupo, dirisha ndilo limevunjika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliambukiza seli za njia ya mkojo maabara wakakuta vinasaba vya seli zenyewe vimeharibiwa hivyo, hata kwenye seli jirani ambazo virusi havikuingia. Na alama hiyohiyo ya APOBEC imejaa kwenye saratani nyingi za kibofu. Kosa likiangukia TP53, jeni ambayo ni kama breki ya seli, ukuaji hauna wa kuuzuia. Lakini maabara si mwili wa mtu. Kesi bado iko mahakamani.

Na kichocho je?

Kichocho ni minyoo, si virusi. Konokono anayeieneza anaishi maji baridi: mabwawa, mito, majaruba ya mpunga. Ukiogelea baharini Raskazone hukipati. Mayai hukwama kwenye ukuta wa kibofu, ukachubuka miaka na miaka, na saratani ikapata pa kuanzia. Dawa ni prazikwanteli; shuleni mtoto husimamishwa kwenye fimbo yenye alama, urefu wake ndio unaosema vidonge vingapi.

Sigara?

Ndiyo inayoongoza duniani. Sumu ya moshi huchujwa na figo, ikakaa kibofuni ikisubiri ukojoe. (Aliyeuliza alikuwa ameificha yake chini ya benchi.)

Mwanangu anakojoa damu, bibi yake anasema anabalehe.

Hapana, mama. Mvulana habalehi kwa damu. Mpeleke akapimwe, na mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai ya kichocho ndipo yanapotoka kwa wingi. Asitupe matone ya mwisho, hayo ndiyo yenye mayai.

Na mimi mtu mzima, ilitoka mara moja tu, haikuuma?

Hiyo isiyouma ndiyo inayonitia wasiwasi, mzee wangu, hata kama imekoma yenyewe. Mayai yasipoonekana, usiridhike na kupewa antibayotiki ukarudi nyumbani. Omba ultrasaundi, na ikibidi kibofu kiangaliwe kwa kamera nyembamba inayopitishwa njia ya mkojo. Mara nyingi hutiwa jeli ya ganzi, na kutazama kwenyewe ni dakika chache.