Gharika iliyobakiza pepo

Mwanzo sura ya 6 ina mistari minne tu kuhusu wana wa Mungu waliowaoa binti za wanadamu. Mara gharika inaingia. Waandishi wa Kiyahudi wa karne ya 3 na ya 2 KK hawakutosheka na ufupi huo.

Katika Kitabu cha Walinzi, ambacho ni sehemu ya kwanza ya Henoko, kitabu cha kale cha Kiyahudi, malaika 200 wanakula kiapo Mlima Hermoni kisha wanawaendea wanawake. Wanazaliwa majitu. Yanamaliza jasho la watu, halafu yanawala watu wenyewe. Malaika Asaeli naye anafundisha kufua panga. Nchi inalia, na Nuhu anaonywa ajifiche.

Kwangu mimi, uzito wa maandiko haya uko katika swali moja: kama maji yaliisafisha dunia, mbona uovu ungalipo? Henoko 15 inajibu kwamba majitu yalikuwa ya nyama kwa mama na ya roho kwa baba. Miili ikaangamia, roho zikabaki duniani, nazo ndizo pepo wachafu.

Kitabu cha Yubile, andiko jingine la Kiyahudi la nyakati hizo, kinaendeleza jambo hilo kwa namna inayonigusa sana. Baada ya gharika, pepo wanawashambulia wajukuu wa Nuhu, na mzee anamlilia Mungu awafunge. Ndipo mkuu wao, Mastema, anaomba abakiziwe kiasi, naye anaachiwa sehemu 1 kati ya 10. Malaika wanamfundisha Nuhu dawa za miti dhidi ya maradhi ya pepo hao. Anaziandika zote na kumkabidhi Shemu. Yaani uovu umebaki, lakini una mipaka, na binadamu hakuachwa mikono mitupu.

Sasa soma tena Henoko 10. Walinzi, yaani wale malaika walioasi, wanafungwa chini ya ardhi kwa vizazi 70, mpaka hukumu kuu. Ujumbe kwa Nuhu unageuka kuwa habari za mwisho wa dunia, bila hata mwandishi kuvuta pumzi. Gharika ni hukumu ya kwanza. Ya pili inakuja.

Vipande vya Kiaramu vya kitabu cha Henoko vilipatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, lakini kitabu kizima kimetufikia kwa Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, kwa sababu Kanisa la Ethiopia lilikitunza kama Maandiko Matakatifu. Wakristo wa mwanzo nao walikijua: Yuda, katika waraka wake mstari wa 14 na 15, anapoonya juu ya hukumu ijayo, anamnukuu Henoko.